Barua ya Wazi kwa Bodi ya College Football Playoff: Futeni Kifungu Kilichoihukumu Florida State kwa Mechi Ambazo Haikuzicheza

Kwa Wajumbe wa Bodi ya Mameneja,
College Football Playoff,
Marekani.

Waheshimiwa,

Barua hii naielekeza kwenu, wakuu wa vyuo vikuu mnaounda Bodi ya Mameneja ya mashindano haya ya ubingwa wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo, wala siielekezi kwa Kamati ya Uteuzi yenye wajumbe 13, ingawa Kamati ndiyo iliyobeba lawama zote tangu Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, ilipoiacha timu ya chuo kikuu cha Florida State nje ya timu nne za kuwania ubingwa wa taifa. Kamati ilifuata mwongozo iliopewa. Mwongozo huo ni wenu, na ndani yake mna kifungu kinachoiruhusu Kamati kuangalia kukosekana kwa wachezaji na makocha muhimu kwa njia mbili: kwanza, jinsi kulivyoathiri matokeo ya mechi zilizokwisha kuchezwa, pili, jinsi kunavyotarajiwa kuathiri mechi ambazo bado hazijachezwa. Njia ya kwanza ni ya haki na sina neno nayo. Ya pili ndiyo ninayowaomba muifute, na msimu wa Florida State wa mwaka 2023 ndio ushahidi wangu.

Mimi ni mkazi wa Florida niliyekulia pwani ya Afrika Mashariki, nikalelewa na kandanda, na mchezo huu wenu nimejifunza ukubwani kwa sababu ya watoto. Sikusoma Florida State, na nyumbani kwangu wamo wanaoishangilia Florida ya Gainesville, mahasimu wa jadi wa timu hiyo, kwa hiyo ninayoyasema hayatokani na mapenzi ya jezi. Kwa kuwa barua ni ya wazi, na wengi watakaoisoma wanazifahamu zaidi mechi za Simba na Yanga au za Gor Mahia na AFC Leopards, nawaomba uvumilivu nieleze machache ambayo ninyi mnayajua tangu utotoni.

Daraja la juu la futiboli ya vyuo Marekani lina timu zaidi ya 130, na kila timu hucheza takriban mechi 12 tu za kawaida kwa msimu, kisha timu mbili bora za kila ligi kubwa hukutana kwenye fainali ya ligi hiyo. Timu nyingi hazikutani kabisa, kwa hiyo hakuna msimamo mmoja unaoweza kusomwa kutoka juu hadi chini kama ule wa Ligi Kuu. Ndiyo sababu ikaundwa kamati, ambayo kuanzia msimu wa 2014 hadi wa 2023 ilichagua timu nne zikacheze nusu fainali na fainali. Jambo la pili ni nafasi ya kwotabeki, yule anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Ni nafasi nzito kuliko zote uwanjani, na hilo halina ubishi. Hata hivyo timu hizi zina vikosi viwili, kimoja cha kushambulia na kingine cha kuzuia, na kikosi cha kuzuia kinapoingia, kwotabeki hukaa benchi akitazama kama sisi wengine. Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu hukumu ya Desemba 2023 ilitolewa kana kwamba kikosi cha kuzuia cha Florida State hakikuwapo.

Msimu huo haukuja kwa bahati. Kocha Mike Norvell alikabidhiwa timu mwishoni mwa mwaka 2019, akashinda mechi tatu tu mwaka 2020, na mwaka uliofuata akaanza kwa vipigo vinne mfululizo, kimojawapo kutoka kwa Jacksonville State, timu iliyokuwa daraja la chini, ambayo ilipata ushindi kwa mpira wa mwisho kabisa wa mechi. Wapo waliotaka afukuzwe asubuhi yake. Chuo kikamvumilia, naye akaijenga timu kwa wachezaji waliohamia kutoka vyuo vingine ambako hawakuonekana kuwa wa maana sana: Jordan Travis, kwotabeki, alitoka Louisville, Jared Verse, mmoja wa mihimili ya kikosi cha kuzuia, alitoka Albany, Braden Fiske alitoka Western Michigan, Keon Coleman, mdakaji, alitoka Michigan State. Mwaka 2022 timu ikashinda mechi 10. Mwaka 2023 haikufungwa na mtu kabla ya Kamati kukaa.

Tarehe 3 Septemba 2023, mjini Orlando, iliifunga LSU, timu ya chuo kikuu cha Louisiana, 45–24, na Coleman alidaka mipira mitatu ya kufunga. LSU hiyo ilikuwa ya Jayden Daniels, kwotabeki ambaye mwaka huo huo alitunukiwa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo nchini. Wiki tatu baadaye ilikwenda Clemson, uwanja ambao haikuwa imeshinda tangu 2013, na kwa sehemu kubwa ya mechi ilikuwa nyuma. Kilichoiokoa si kwotabeki. Kalen DeLoach, mchezaji wa kikosi cha kuzuia, alimvamia kwotabeki wa Clemson, mpira ukamtoka, DeLoach akauokota mwenyewe na kukimbia nao yadi 56 mpaka mstari wa mwisho, na matokeo yakawa 24–24. Clemson wakapata nafasi ya kushinda kwa teke la yadi 29 zikiwa zimebaki kama dakika mbili, wakalikosa, na katika muda wa nyongeza Travis akamrushia Coleman mpira wa ushindi, 31–24. Baada ya hapo njia ikawa nyeupe kwa wiki kadhaa: Virginia Tech, Syracuse, Duke, Wake Forest, Pittsburgh, kisha Miami kwa 27–20.

Tarehe 18 Novemba, katika uwanja wa nyumbani, dhidi ya North Alabama ya daraja la chini, Travis alivunjika mguu wa kushoto katika robo ya kwanza akatolewa uwanjani kwa kigari. Timu ilijikuta nyuma kwa 13–0. Tate Rodemaker, kwotabeki wa akiba, akaingia, na Florida State ikafunga alama 58 mfululizo bila kujibiwa hata moja, mechi ikaisha 58–13. Mpinzani alikuwa dhaifu, nakubali. Lakini wiki iliyofuata, tarehe 25 Novemba, timu hiyo hiyo bila Travis ilikwenda Gainesville usiku, kwenye uwanja wa mahasimu, ikatangulia kufungwa 12–0, ikarudi na kushinda 24–15. Katika mechi hiyo Rodemaker alipigwa kichwani, na madaktari hawakumruhusu kucheza fainali ya ligi ya ACC wiki iliyofuata. Kwa hiyo tarehe 2 Desemba, mjini Charlotte, mbele ya Louisville iliyokuwa imeshinda mechi 10, aliyeanza kama kwotabeki alikuwa Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza ambaye hakuwahi kuanza mechi yoyote ya chuo.

Sitayapamba yaliyotokea Charlotte. Glenn alirusha mipira 21, ikadakwa 8, kwa jumla ya yadi 55, na yeyote aliyependa mchezo wa kuvutia alikuwa na haki ya kubadilisha chaneli. Kilichoshinda usiku ule ni wale wengine. Fiske aliwavuruga Louisville tangu mwanzo hadi mwisho, na Louisville, timu iliyokuwa na kwotabeki wake wa kawaida mwenye afya njema, haikuufikia mstari wa mwisho hata mara moja. Alama zake sita zote zilitokana na mateke mawili. Mechi iliisha 16–6. Florida State ikawa bingwa wa ligi yake kwa mechi 13 bila kufungwa, mbili za mwisho zikiwa zimechezwa tangu mwanzo bila kiongozi wake wa mashambulizi.

Sasa nawaomba mzitazame tarehe mbili. Jumanne ya tarehe 28 Novemba, Kamati ilitoa orodha yake ya wiki na kuiweka Florida State nafasi ya nne. Siku hiyo mguu wa Travis ulikuwa umevunjika kwa siku kumi, na kila mjumbe alilijua hilo. Alabama ilikuwa ya nane. Jumapili ya tarehe 3 Desemba, baada ya Florida State kushinda fainali yake, Kamati ileile iliishusha hadi nafasi ya tano, na Alabama ikapanda hadi ya nne. Najua hesabu iliyokuwa mezani: Alabama ilikuwa imeifunga Georgia 27–24 na kuikatiza mfululizo wa ushindi wa mechi 29, Texas, ambayo Septemba iliifunga Alabama 34–24 kwenye uwanja wa Alabama mwenyewe, isingeweza kuwekwa chini yake, Michigan na Washington hazikuwa zimefungwa na yeyote. Nafasi moja ikabaki kwa timu mbili. Mojawapo ilikuwa imefungwa mara moja, nyingine haikuwahi kufungwa, na aliyepewa ni aliyefungwa. Tangu mfumo wa timu nne uanze, hakuna bingwa wa ligi kubwa aliyemaliza bila kufungwa aliyekuwa amewahi kuachwa.

Mwenyekiti wa Kamati wakati huo, Boo Corrigan, alieleza sababu waziwazi, na namheshimu kwa hilo: kwamba bila Travis, Florida State ilikuwa timu tofauti na ile ya wiki 11 za mwanzo. Hakudai kwamba ilifungwa, wala kwamba ushindi wake ulikuwa wa kubahatisha. Kilichopimwa ni namna ambavyo ingecheza Januari, kwa makadirio ya watu waliokaa hotelini Grapevine, Texas. Kwa mtu aliyezoea kandanda jambo hili ni gumu kulielewa hata baada ya kuishi nanyi miaka mingi. Golikipa wa Yanga akivunjika mkono mwezi wa tano, hakuna kikao kitakachokaa kuipunguzia Yanga pointi kwa hofu kwamba mechi zilizosalia atafungwa. Zitachezwa, na kama atafungwa tutaona.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kifungu hiki hakijawahi kutumika kwa mizani moja. Mwaka 2014, msimu wa kwanza kabisa wa mfumo wenu, Ohio State ilimpoteza Braxton Miller kabla ya msimu kuanza, kisha J. T. Barrett akavunjika kifundo cha mguu dhidi ya Michigan. Kwenye fainali ya ligi ya Big Ten alianza kwotabeki wa tatu, Cardale Jones, na Ohio State ikaichapa Wisconsin 59–0. Kamati ikaipandisha kutoka nafasi ya tano hadi ya nne, na TCU, iliyokuwa ya tatu na iliyoshinda mechi yake ya mwisho kwa 55–3, ikaporomoka hadi ya sita. Ohio State ikaifunga Alabama 42–35, kisha Oregon 42–20, ikatwaa ubingwa wa taifa kwa mikono ya kwotabeki wa tatu. Mtaniambia kwamba Jones alishinda kwa alama 59 na Glenn kwa alama 10 tu. Ni kweli. Lakini basi semeni kwamba kinachopimwa ni uzuri wa ushindi, na muandike kwenye mwongozo ni alama ngapi zinazotosha kumfanya kwotabeki wa tatu aaminike.

Na ikiwa kuwa timu tofauti ni hoja, Alabama ya mwaka 2023 nayo ilikuwa timu tofauti. Baada ya kufungwa na Texas ilimweka benchi kwotabeki wake, Jalen Milroe, ikaenda kuhangaika na South Florida hadi ikapata 17–3 bila raha yoyote, kisha ikamrudisha Milroe na kuanza kupanda. Tarehe 25 Novemba, siku ileile ambayo Rodemaker alikuwa akiirudisha Florida State mchezoni, Alabama ilibakiwa na jaribio moja la mwisho la kusogeza mpira yadi 31 dhidi ya Auburn. Milroe akarusha, Isaiah Bond akadaka kwenye kona, ikashinda 27–24. Sisemi kwamba bahati ni kosa. Nasema kwamba mabadiliko ya Alabama yalihesabiwa kuwa sifa, nayo yalijumuisha kufungwa nyumbani, ilhali mabadiliko ya Florida State yalihesabiwa kuwa dosari, nayo hayakujumuisha kufungwa popote.

Naijua hoja inayokuja kila ninapolizungumza jambo hili, na mara nyingi husindikizwa na msemo wetu wa viwanjani kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Msemo ni wa kweli, ila hauwahusu vijana ambao hawakupewa mahali pa kushindwa. Hoja yenyewe ni kwamba tarehe 30 Desemba, katika Orange Bowl, iliyokuwa mojawapo ya mechi za mwisho wa msimu zisizo za ubingwa, Georgia iliifunga Florida State 63–3, tofauti kubwa kuliko zote katika historia ya mechi hizo za mwisho wa msimu, na kwa hiyo Kamati iliona mbali. Iliyocheza usiku ule haikuwa timu iliyoachwa. Wachezaji zaidi ya 20 hawakuwapo: wengine walikuwa majeruhi, wengine walikwisha kuamua kuhama chuo, wengine walikuwa wakijilinda kwa ajili ya kuuza vipaji vyao NFL, ligi ya kulipwa, na wengi wao waliamua hivyo kwa sababu walikwisha kuambiwa kwamba mechi haina ubingwa ndani yake. Miezi minne baadaye wachezaji 10 wa timu hiyo walichaguliwa na klabu za NFL, Verse akiwa katika raundi ya kwanza. Kutumia matokeo ya Orange Bowl kuutetea uamuzi uliosababisha Orange Bowl ichezwe na kikosi cha akiba ni kumfungia mtu mlango kisha kumlaumu kwa kutoingia. Na hata kama Florida State kamili ingefungwa na Michigan nusu fainali kwa alama 40, jambo ambalo halikuwa mbali na uwezekano, bado ingekuwa imefungwa na Michigan, wala si na makadirio.

Nimekwisha kusema kwamba ninyi ni wakuu wa vyuo, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Rodemaker alizuiwa kucheza fainali kwa sababu alikuwa amepigwa kichwani. Kanuni za afya za mchezo, ambazo vyuo vyenu vilikubali kuzifuata baada ya miaka mingi ya malalamiko na kesi kuhusu madhara ya vipigo vya kichwa, zinataka mchezaji wa namna hiyo apumzishwe mpaka daktari aridhike. Florida State ilitii. Ilimpumzisha kijana katika mechi kubwa kuliko zote za msimu, ikamweka wa mwaka wa kwanza, ikashinda, kisha uzito wa mashambulizi yake usiku ule ukawa sehemu ya ushahidi dhidi yake. Jiulizeni kocha mwingine anajifunza nini kutokana na hilo. Anajifunza kwamba majeraha yafichwe kadiri inavyowezekana hadi orodha ya mwisho itolewe, kwamba kijana anayesikia kizunguzungu Novemba ahimizwe aseme yuko sawa, na kwamba daktari wa timu anayeandika ukweli anaigharimu timu nafasi. Sidhani mlikusudia hivyo mlipokiidhinisha kifungu. Lakini ndivyo kinavyofundisha, na mzazi anayempeleka mwanawe chuoni kwenu ana haki ya kuuliza kwa nini mwongozo wa mashindano unavutana na mwongozo wa hospitali.

Travis mwenyewe, siku ile ya uamuzi, aliandika kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi katika msimu, ili watu wapate kuona kwamba timu ile ilikuwa zaidi ya kwotabeki. Sijui kama mliyasoma maneno hayo kwa makini. Kijana aliyelala na mguu wenye vyuma aliombea jeraha lake liwahi, kwa kuwa kanuni yenu ilimfanya ajione kuwa yeye ndiye aliyewanyima wenzake ubingwa. New York Jets, klabu ya NFL, walimchagua mwaka 2024, hakucheza hata mechi moja ya msimu wa kawaida wa NFL, na mwaka 2025 alitangaza kustaafu kwa sababu ya mguu huo huo.

Kuhusu yaliyofuata nitapita haraka. Chuo kiliishtaki ligi yake ya ACC Desemba hiyo hiyo, kesi zikaburuzwa Florida na North Carolina hadi wakapatana Machi 2025. Gavana wa jimbo alitenga dola milioni 1 katika bajeti yake kwa ajili ya mashtaka. Mwanasheria mkuu wa jimbo akataka kumbukumbu za Kamati. Kelele nyingi zilikuwa za kisiasa na sikuzipenda. Timu yenyewe ilianguka vibaya, ikashinda mechi 2 tu kati ya 12 mwaka 2024. Mwezi Agosti 2025 iliifunga Alabama 31–17 mjini Tallahassee, na mitaa ikafurika watu waliodai kwamba haki imetendeka, madai ambayo hayana maana yoyote, kwa kuwa vikosi vya mwaka 2025 haviwezi kutoa hukumu juu ya vya 2023.

Mtaniambia pia kwamba tatizo limekwisha, maana tangu msimu wa 2024 mashindano yana timu 12, na mabingwa watano wa ligi wana uhakika wa kuingia. Naushukuru mfumo huo. Kwa mfumo huo Florida State ya 2023 isingeachwa nje. Lakini Kamati bado ndiyo inayopanga nafasi, na nafasi zina thamani kubwa: timu nne za kwanza hazichezi raundi ya awali, na ya tano hadi ya nane hucheza raundi hiyo kwenye viwanja vyao, mbele ya mashabiki wao, huku mpinzani akisafiri katika baridi ya Desemba. Timu isiyofungwa itakayompoteza kwotabeki wake Novemba bado inaweza kushushwa kutoka nafasi ya tatu hadi ya sita kwa makadirio tu, na timu yenye kufungwa mara mbili inaweza kutupwa nje kabisa kwa sababu hiyohiyo. Kwamba Kamati bado inasita kuyaheshimu matokeo ya uwanjani lilionekana mwaka 2025, ilipoiweka Notre Dame juu ya Miami wiki baada ya wiki ilhali zote mbili zilikuwa zimefungwa mara mbili na Miami ilikuwa imeifunga Notre Dame 27–24. Ikageuza mpangilio huo siku ya mwisho, na Notre Dame, iliyokuwa imeaminishwa kwa mwezi mzima kwamba iko ndani, ikajikuta nje. Safari hii matokeo yalishinda, lakini yalishinda kwa kuchelewa, na yaliwaumiza watu ambao wasingeumia kama yangetangulia.

Jambo la kura siwezi kulipita. Wajumbe 13 hupiga kura zao kwa siri, na mwenyekiti mmoja huja mbele ya kamera kusema kwa niaba ya wote. Ukimya huo umezaa dhana mbaya kwamba ligi ya SEC, ambamo Alabama inacheza, ilibebwa na kwamba televisheni ilichagua timu inayouza. Mimi sina ushahidi wa hayo na siyadai. Ila ESPN, televisheni inayoonyesha mashindano haya kwa mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola bilioni 7.8, ndiyo hiyo hiyo inayoonyesha mechi za ligi zinazoshindania nafasi, na palipo na fedha kiasi hicho hamwezi kuwalaumu watu kwa kudhani, ikiwa mnawaficha wanachotakiwa kujua.

Kwa hiyo ninachowaomba ni mabadiliko ya maneno machache katika mwongozo wenu. Kifungu kibaki na sehemu inayoiruhusu Kamati kuzingatia kwamba timu ilifungwa mechi fulani kwa sababu mchezaji muhimu hakuwapo, kwa kuwa huko ni kuyafasiri matokeo yaliyopo. Sehemu inayoizungumzia athari ya baadaye iondolewe kabisa, na mahali pake iandikwe kwamba mechi ambazo timu imeshinda baada ya jeraha zihesabiwe sawa na ilizoshinda kabla yake. Kama kuna wajumbe wa Bodi wanaoona kifungu kibaki kilivyo, basi kila mjumbe wa Kamati atakayekitumia aandike jina lake, timu aliyoishusha na sababu yake, na maandishi hayo yatangazwe siku ileile ya orodha ya mwisho, ili wazazi na wachezaji wa timu iliyoshushwa wajue ni nani aliyeamua na kwa kuona nini.

Nawaomba vilevile mnijibu swali moja, nanyi mnaweza kulijibu hadharani kama nilivyoliuliza. Timu ikimaliza msimu ujao bila kufungwa, ikiwa imeshinda fainali ya ligi yake kwa kwotabeki wa tatu kwa sababu wawili wa mbele yake wamezuiwa na madaktari, je, Kamati itaipanga kwa mechi ilizoshinda au kwa zile inazodhani itashindwa? Jibu hilo makocha na madaktari wa timu wanalihitaji kabla ya mechi ya kwanza ya msimu kuchezwa, na kabla Kamati haijatoa orodha yake ya kwanza mwezi Novemba.

Wenu kwa heshima,

Mzazi na mtazamaji,
Florida, Marekani.